Koti la Boga Dirishani

Kabla hujaambiwa na mwingine, nikwambie mimi: nyumba ya Mwanarehema pale Timbwani haina jini. Haikuwa nalo zamani, wala haikuwa nalo mwaka ule wa tisini na mbili, nusu ya Likoni ilipoapa kwamba inalo. Kilichokuwamo ni mjane mmoja, koti moja, na uongo mmoja mdogo uliosemwa na mtu asiyezoea kusema uongo. Na hao ndio hatari, wallahi. Mwongo mzoefu hujua pa kuukomesha.

Nyumba yenyewe ilikuwa yake, si ya mumewe. Kiwanja alikirithi kwa mamake, na vyumba sita alivisimamisha kimoja kimoja kwa mahamri na viazi vya karai alivyouza kila alfajiri karibu na kivuko, miaka ishirini na ushei, mpaka magoti yakagoma. Chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani, walilala yeye na mumewe. Vitano vya nyuma walikaa wapangaji. Mtoto Mungu hakumjalia. Alishukuru, lakini alijua maana yake: uzeeni hapatakuwa na wa kumletea unga. Kodi ya vyumba vile ndiyo itakayomlisha mpaka kaburini, na wapangaji wakiondoka basi hana pa kushika.

Mumewe aliitwa Boga. Alikuwa fundi wa mitambo, kisha akastaafu. Mtu mrefu, bega la kushoto limeshuka kidogo, maneno yake ya kuhesabu. Alikuwa na jambo lake moja lililojulikana mtaa mzima. Kila siku akishasali adhuhuri alivaa koti lake la rangi ya majivu, akatia kofia ya viua, akasimama dirishani kutazama barabara huku akijipapasa kidevu. Joto lile la Mombasa, na koti! Watoto walimcheka. Wakubwa walimtumia kama saa: Boga kasimama, basi imepata saa saba.

Koti lilikuwa la babake. Lilishonwa kisiwani na fundi wa Kihindi, enzi za Mwingereza, na mzee alipokufa likaenda kwa Boga kwa kuwa ndiye mkubwa. Boga akiondoka litakwenda kwa mdogo wake, Matano, muuza mbao wa Mtongwe. Hilo halikuandikwa popote, lakini hakuna aliyekuwa na shaka nalo, Matano zaidi ya wote.

Boga akafa mwezi wa tano. Kifua, siku tatu tu, mtu katoka. Mwanarehema akakaa eda kama inavyotakiwa: miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe za bafta, hana manukato, hana hina, hatoki nje, haonekani na mwanamume asiye maharimu wake. Akina mama waliingia na kutoka. Wanaume wenye la kusema walikaa ukumbini wakasema naye nyuma ya pazia.

Ilipofika arobaini, baada ya hitima, nguo za marehemu zikafungwa furushi zikatolewa sadaka. Jioni Matano akaja, akakaa nje ya pazia, akakohoa.

"Shemeji, lile koti la baba liko wapi?"

"Koti?" akasema Mwanarehema. "Kwani halikwenda na zile nguo za sadaka?"

Koti lilikuwa ndani ya kasha, na kasha liko chini ya miguu yake. Usiniulize kwa nini alijibu vile. Hata yeye hakujua mpaka neno likishatoka. Matano akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," neno lile lile alilolisema nduguye alipokufa, akaondoka. Mwanarehema akabaki na kasha lake. Alikuwa ameidhulumu sadaka, ameidhulumu damu ya mumewe, tena ndani ya eda. Alimpenda Boga, ndiyo hivyo tu. Mkeka wameukunja, kitanda wamekigeuza, viatu vimepata miguu mingine, na yeye akaona kwamba koti hatalitoa, liwe liwalo.

Siku ya kwanza alilivaa kwa sababu ya baridi ya kusi. Angalau ndivyo alivyojiambia. Linanuka mafuta ya kuchua na tumbaku. Siku ya pili akatia na kofia, akaficha nywele. Siku ya tatu, saa saba, mtaa mzima umelala usingizi wa mchana, alifungua ubao mmoja wa dirisha, akasimama pale pale mumewe alipokuwa akisimama. Alitaka kujua nini alichokuwa akikitazama. Miaka thelathini na mmoja hakuwahi kumuuliza.

Hakukuwa na kitu! Barabara, kuku wawili, na ng'ambo lile gofu la nyumba ambalo mwenyewe aliishiwa akaliacha bila paa. Mwanarehema akacheka peke yake. "We Boga," akasema, "miaka yote ile ni kwa kuku?" Kisha akalia, akafunga dirisha. Kesho yake akasimama tena. Ikawa ndio ada yake ya kila mchana, robo saa, kisha koti hurudi kashani. Barabarani hapapiti mtu saa zile, na akiona kivuli cha mtu mbali hurudi ndani upesi.

Sasa mwingize Gershom. Chumba cha pili alikaa Mbeyu, Mgiriama wa kutoka Kaloleni, mwanamke wa kanisa, mpishi wa hoteli moja ndogo. Gershom ni mdogo wake, msomi, yuko chuo cha sanaa Nairobi. Mwezi wa nane chuo kikafungwa, akaja kwa dadake na mkoba wa nguo mdogo na kamera ya vidio kubwa, ile ya kubeba begani, mali ya chuo. Nywele hazikujua kitana. Siku mbili hakufanya lolote ila kuzunguka nyumba akitazama milango.

"Umepoteza nini?" Mbeyu akamuuliza.

"Nina kazi ya chuo, dada. Tumeambiwa tutengeneze vidio ya kutisha. Lakini isiwe na mzimu, isiwe na damu, na isiwe na hadithi. Iwe na vitu vya nyumbani tu, kila kitu mahali pake, na mtazamaji atake kukimbia."

"Na hilo ndilo unalosomea?"

"Ndiyo sanaa ya siku hizi."

"Ingekuwa ngoma ningejua unacheza," akasema Mbeyu, na akaenda zake kazini.

Gershom akalichagua lile gofu. Na akachagua saa saba mchana, kwa kuwa jua liko utosini na vitu havina kivuli, jambo alilosema linatisha kuliko giza. Akaweka kiti katikati ya chumba kisicho na paa. Akasimamisha kioo kilichovunjika. Akapiga picha kiti, kioo, kiti tena kimesogea kidogo. Siku ya nne, kamera ikitazama nje kwa tundu la dirisha, akaona ng'ambo ya barabara mzee wa koti amesimama, anajipapasa kidevu. Alifurahi kweli. Habari za kifo cha mume wa mwenye nyumba alikuwa nazo, lakini Boga hakuwahi kumwona kwa macho, akadhani huyu ni jamaa aliyekuja matangani akakawia. Hakumwita. Alipiga picha mpaka mzee akaingia ndani. Na Mwanarehema, alichokiona yeye mle gofuni ni kitu cheusi juu ya miguu mitatu. Alidhani ni chombo walichokiacha mafundi wa kupima viwanja.

Karibu na kivuko palikuwa na nyumba ya vidio ya mtu aitwaye Ngowa, mabenchi kumi na mbili na televisheni moja juu ya kabati. Ngowa alikuwa na mashine mbili za kanda. Gershom akamwomba, akakaa nazo siku tatu, anahamisha picha kutoka hii kwenda ile, anazipunguza mwendo, anazirudisha nyuma, mpaka Ngowa akasema utaniunguzia vyombo. Ilipokwisha akaipa jina Saa Saba. Jumamosi baada ya alasiri, kabla ya picha ya karate, Ngowa akampa dakika kumi awaonyeshe watu.

Walianza kwa kuzomea. Kiti. Kioo. Kiti. "Ngowa, weka picha bwana!" Hakuna muziki, hakuna sauti ila mlio wa pampu ya maji mahali fulani. Kisha likaja dirisha. Ndani ya dirisha giza, na gizani akatoka mtu, pole pole mno, akainua mkono, akajipapasa kidevu, akarudi nyuma bila kugeuka, giza likammeza. Akatoka tena. Akarudi tena. Mara ya tatu mtu mmoja akainuka mbele, naye ni Kaviha, kuli wa maghala ya Changamwe, mpangaji wa chumba cha nne.

"Yule ni Boga," akasema.

Wote waliokuwamo walimjua Boga, na wengi wao walimtia mchanga kwa mikono yao. Walilijua koti, waliijua kofia, walilijua lile bega. Mtu akasema "Lahaula!" na benchi la nyuma likaanguka, na ndipo watu walipotoka, wengine kwa mlango, wengine kwa dirisha la tiketi. Picha ya karate siku ile ilitazamwa na Ngowa peke yake.

Kaviha alihama jioni ile ile, godoro kichwani, mkewe nyuma na masufuria. Hakuaga. Jumatatu kikatoka chumba cha tatu, na Rosalia mwalimu wa chekechea akafuata, yeye angalau aliacha barua ya kuomba radhi. Wiki ya pili ilipokwisha palibaki Mbeyu peke yake. Chumba kikiwa kitupu huja mtu kuulizia kabla hakijafagiwa, lakini vile hakuna aliyeviulizia. Mfanyabiashara mmoja wa kisiwani akatuma salamu kwamba yu tayari kuinunua nyumba, ila Bi Mwanarehema aelewe, nyumba yenye jini hainunuliwi kwa bei ya nyumba.

Aliyemletea habari chumbani ni Mbeyu, jioni ile ya kwanza. Aliingia akakaa mkekani, akatazama miguu yake.

"Mama, marehemu kaonekana."

"Kaonekana wapi?"

"Kwa vidio."

Akamweleza yote. Mwanarehema alielewa kila kitu papo hapo, na papo hapo akaelewa kwamba hawezi kulisema. Aseme nini? Kwamba lile koti aliloambiwa Matano limekwenda sadaka, analo? Kwamba mjane wa eda amesimama dirishani kavaa mavazi ya mwanamume, mtoto wa watu ng'ambo akampiga picha, na wanaume wa Likoni wamemtazama kwa kiingilio?

"Kwetu marehemu hajitokezi bure," Mbeyu akaendelea, kwa upole kabisa. "Huwa ana njaa ama ana baridi. Huyu ashavaa koti. Basi ni njaa, Mama. Labda tumwekee chakula."

Mwanarehema akajifunika uso kwa upande wa kanga. Mbeyu alidhani analia.

Siku mbili baadaye akasema anataka kuiona hiyo kanda. Mbeyu alimkataza, lakini mjane akishikilia neno mtamfanya nini? Gershom akazungumza na Ngowa, televisheni na mashine zikaletwa kwa mkokoteni mpaka mlangoni, Mbeyu akaviingiza chumbani mwenyewe, akafunga dirisha, akafuata maelekezo ya nduguye aliyekuwa akimpigia kelele kutoka ukumbini: bonyeza cha kijani, si hicho, cha kijani!

Kiti kikapita. Kioo kikapita. Dirisha likaja.

Mwanarehema alijua ni yeye. Alilikumbuka hata joto la siku ile. Akakaza macho ajitafute, autafute mwili wake mnene, mikono yake ya kukanda unga. Hakujiona. Aliyetoka gizani alikuwa Boga. Bega lake. Uvivu wake wa kuinua mkono. Namna ya kuinamisha shingo akisikia kitu asichokiamini. Mumewe maisha yake yote alipigwa picha mbili, zote za vitambulisho, zote kakodoa macho. Hapa alikuwa yuwaenda. Yuwapumua. Mwanarehema akasogea mpaka magoti yakagusa kabati.

"Irudishe," akasema.

Mbeyu akairudisha.

"Irudishe tena."

Mara ya tano Mbeyu aliweka mkono mbele ya kioo cha televisheni. "Mama, kwani huogopi?"

"Naogopa isije ikaisha," akasema Mwanarehema. Na alikuwa akisema kweli tupu.

Hapo mambo yakawa mabaya zaidi, maana mwanzo alichoogopa ni aibu peke yake. Sasa akiungama kwamba yule ni yeye, basi Boga anakufa mara ya pili, na muuaji ni yeye. Akinyamaza, nyumba inakuwa gofu kama la ng'ambo. Siku tatu hakulala vizuri. Alifikiri kulichoma koti. Alilifikisha mpaka jikoni, akalishika juu ya makaa, akarudi nalo chumbani akalikunja vizuri.

Gershom akarudi chuoni na kanda yake. Baadaye aliandika kwamba amepata alama ya juu darasani, na mwalimu ameuliza yule mwigizaji wa dirishani ni nani, mbona anaigiza vizuri. Gershom alimjibu kwamba ni marehemu. Mwalimu akacheka sana, akaongeza alama.

Nakala moja ilibaki kwa Ngowa, na kumbe kulikuwa na mtu aliyekuwa akienda kuitazama asubuhi kabla hapajafunguliwa. Mtu huyo ni Matano. Wiki moja kabla ya mwisho wa eda akaja ukumbini, akakaa nje ya pazia.

"Shemeji, nimeiona."

"Nimesikia."

"Nimeiona mara nne. Siwezi kuvumilia. Ama kaka yangu hajapumzika, ama kuna mtu yuwatuchezea. Ukishatoka eda, Ijumaa yake, tutasoma Halbadiri hapa. Nishasema na Maalim Babu. Likiwa ni jini litatoka. Akiwa ni mtu, atajijua mwenyewe."

Halbadiri, kama hukulelewa pwani, si kisomo cha mchezo. Hutajwa majina ya masahaba waliopigana vita vya Badri, na aliyedhulumu akashitakiwa kwao, awe yuko wapi, awe ni nani. Mwanarehema tangu utotoni alikuwa akisikia habari za mtu aliyesomewa kwa kuiba jogoo, asubuhi akaamka anawika. Mimi simjui aliyemsikia akiwika, lakini kila mtu anamjua mtu anayemjua. Ukitaka kujua kama mtu ana kosa, mwambie tu kuna Halbadiri Ijumaa, umtazame anavyokula.

Mwanarehema aliacha kula.

Eda ikaisha Jumatano. Akina mama wakamwogesha, wakampaka hina, wakamvika leso mpya za maua, wakamtoa mpaka uani akaliona jua. Walimpigia vigelegele vya kutosha. Ijumaa, kabla watu hawajatoka msikitini, masufuria mawili ya pilau ya kisomo yalikuwa jikoni. Mbeyu ndiye aliyesimamia moto, na kila akifunua sufuria alitazama nyuma yake.

Ukumbi ukajaa. Maalim Babu akakaa mbele na vijana wake sita, chetezo kikifuka ubani, misahafu juu ya marehali. Nje barabarani kulikuwa na mtaa mzima, na wapangaji wale wa zamani nyuma kabisa, Kaviha akiwa ameelekeza miguu upande wa kukimbilia. Matano alikuwa karibu na mlango, macho mekundu.

Maalim akafungua kinywa aseme Bismillahi, na Mwanarehema akatoka chumbani na buibui lake, koti mikononi.

"Maalim, samahani. Yule wa kwenye vidio ni mimi."

Vijana wa Maalim wakainua vichwa.

"Ni mimi," akarudia. "Koti halikwenda sadaka. Lilikuwa kashani siku ile ile uliyoniuliza, shemeji. Nilikwambia uongo. Kila mchana nililivaa nikasimama dirishani. Kijana wa watu alipiga picha hakujua. Hakuna jini humu. Kuna mimi."

"Astaghfirullah!" akasema Maalim. "Mavazi ya kiume? Na ulikuwa ndani ya eda?"

"Najua, Maalim. Nitatubu, na utakachonipangia nitakifanya. Lakini Halbadiri usisome, maana mwizi nishajileta mwenyewe."

Mtu mmoja nje akacheka, akapigwa kofi na mwenziwe. Matano alikuwa bado hajaondoa macho usoni pa shemejiye.

"Uongo," akasema kwa sauti ndogo. "Mimi namjua ndugu yangu. Lile bega ni la Boga."

"Na langu hulioni limeshuka? Miaka thelathini na mmoja nimelala upande mmoja."

Matano akalichukua koti. Akalifunua, akaligeuza, akaleta ukosi puani. Akavuta pumzi, akakaa nayo. Watu wakatazama pembeni, maana mtu mzima akilia hatazamwi.

"Ungeniambia kwamba unalitaka," akasema mwisho.

"Ungeniachia?"

Matano akafikiri. "La," akasema. "Nisingekuachia."

Hapo Kaviha akapaza sauti kutoka barabarani. "Hayo ni maneno! Mama wa watu anaificha aibu ya nyumba yake! Sisi tulimwona Boga kwa macho haya!" Na wengine wakaitika, ndiyo, tulimwona, huyu mama yuwafunika kawa.

Mwanarehema ni kama ameshajivua nguo mbele ya watu, na bado hawamwamini. Aibu ameipata na nyumba haijapona. Alimgeukia Matano, hakuwa na mwingine wa kumgeukia.

Matano akamrudishia koti.

"Livae," akasema.

"Hapa?"

"Dirishani. Mimi natoka nje nao."

"Bwana Matano," Maalim akaanza, "haifai..."

"Maalim, nipe dakika moja. Dhambi yake niandikie mimi."

Akatoka, akavuka barabara, akasimama mbele ya gofu pamoja na watu. Mwanarehema akaingia chumbani. Alivua buibui, akalivaa koti juu ya leso zake mpya za maua, akaficha nywele kwa kofia ya viua, akafungua dirisha, safari hii mbao zote mbili. Akasimama. Mkono ulikuwa mzito, lakini akauinua mpaka kidevuni.

Mchana mweupe ule, mita ishirini, hapakuwa na cha kudanganya. Leso zinaonekana chini ya koti. Vidole vina hina mbichi. Ni Mwanarehema wa mahamri, uso umelowa machozi, kavaa koti la mume. Kicheko kikaanza kwa watoto, kikapanda kwa wakubwa, na Kaviha akawa wa kwanza kupiga kelele, "Bi Mwanarehema! Chumba changu bado kipo?"

"Kipo," akajibu Mwanarehema kutoka dirishani, "lakini ulitoka bila kufagia!"

Wakacheka mpaka wakashikana. Rosalia alikuwa akijipangusa macho. Cheko lile ndilo lililoiokoa nyumba, wala si kisomo, na katikati yake Matano akapiga hatua mbili mbele mpaka katikati ya barabara. Akavua kofia yake.

"Shikamoo, kaka," akasema.

Kicheko kikakatika.

Mwanarehema alikuwa hakulitarajia hilo. Aliushusha mkono. Alitazama barabara, gofu, kuku, na yule mtu mzima aliyesimama juani kichwa wazi akingoja kujibiwa, na hakuiga sauti ya mtu. Alijibu kwa sauti yake.

"Marahaba, Matano. Ushakula?"

"Sijala, kaka."

"Basi ingia ule. Pilau inapoa."

Matano akajifuta uso kwa kofia, akavuka barabara.